Hela za viwanja Hong Kong: tunavyodhani na hali ilivyo

Kuna hoja inapendwa sana, eti Hong Kong kodi ni ndogo na barabara ni nzuri kwa sababu wanauza viwanja, basi na sisi tuuze. Jamani, tuangalie vizuri kwanza.

"Wakiuza ardhi imeenda." Hapana. Ardhi karibu yote ni ya serikali, mnunuzi anapewa haki ya kuitumia kwa muda, siku hizi kwa kawaida miaka 50, na hela haziji kwa tenda tu, hata mwenye kiwanja akitaka kubadili matumizi analipia. Zinaingia kwenye mfuko wa miradi ulioanzishwa 1982.

"Mapato ya viwanja yanakadirika kama kodi." Hapa ndo penye shida yenyewe. Mwaka wa fedha 2017/18 walikadiria bilioni 101 za dola zao, wakapata karibu 165, watu wakashangilia. 2023/24 wakakadiria 85, zikaingia kama 19 hivi! Mwaka uliofuata wakashusha mpaka 33 na bado hawakufika hata nusu. Na sio kwamba wachumi wao hawajui hesabu, ni kwamba kiwanja kimoja tu kinaweza kugeuza mwaka mzima, mfano Novemba 2019 kile cha juu ya stesheni ya treni West Kowloon kilienda kwa bilioni 42.2, sasa kingechelewa miezi mitano tu kingeangukia mwaka mwingine wa fedha na makadirio yote yangeonekana ya ovyo. Halafu ofa zikiwa chini ya bei waliyopanga hawauzi, kama ilivyokuwa kwa kiwanja cha Mansfield Road 2018. Kwa maoni yangu hela ya viwanja ikadiriwe kwa kiwango cha mwaka mbaya, ya ziada ikija iende akiba.

"Mradi wa bilioni 10 ukipitishwa, bilioni 10 zinatoka mwaka huo." Wala. Mwanzoni ni kupima udongo na kuhamisha mabomba na nyaya, hela inatoka kidogo kidogo, katikati ndo mkandarasi analeta hati za malipo mwezi kwa mwezi na hela inatoka kwelikweli, mwisho inabaki ile retensheni, yaani sehemu ya malipo ya mkandarasi inayoshikiliwa mpaka kipindi cha matazamio, cha kuangalia kasoro, kiishe. Kwa hiyo bili ya mwaka huu inatokana na maamuzi ya miaka mitatu minne nyuma, pengine soko lilipokuwa juu.

"Viwanja visipouzika simamisha miradi." Mikataba imeshasainiwa, mashine ziko saiti, na ukisimamisha mkandarasi anadai fidia ya kila siku anayokaa bure. Mradi ambao haujasainiwa ndo unaweza kuusogeza mbele, huo tu. Ndo maana viwanja vilipododa Hong Kong hawakufunga saiti, walichota akiba na kuongeza kukopa kwa hati fungani, na riba yake sasa inakaa kwenye bajeti kila mwaka, kiwanja kiuzwe kisiuzwe.