Umejaza miraba yote? Bado hujajibu: dhana potofu kuhusu chemshabongo yenye jibu la siri

Kila Ijumaa gazeti la Wall Street Journal la Marekani huwa na chemshabongo ya maneno ambayo hata ukiijaza yote bila kosa, swali lenyewe linabaki. Agizo linaweza kusema tu kwamba jibu ni jina la mji, na hakuna kidokezo hata kimoja kinachouuliza mji huo. Umefichwa ndani ya majibu. Wachezaji huliita jibu hilo meta. Mtunzi Matt Gaffney naye amekuwa akiandaa shindano la aina hii kila wiki tangu 2008. Ni mchezo mtamu sana, na wengi hujinyima utamu huo kwa sababu ya dhana hizi.

Dhana: kazi kubwa ni kujaza.
Mara nyingi mtunzi hurahisisha vidokezo makusudi ili ufike salama kwenye fumbo lenyewe. Kazi inaanza kalamu ikishatua.

Dhana: jibu likiendana na agizo, ndilo.
Hapa ndipo wengi wanapoanguka, kwa hiyo nimetunga mfano mdogo. Kichwa cha fumbo ni "Hesabu ya Ndani". Agizo: taja ndege. Majibu makuu, kutoka juu kwenda chini, ni MAPATANO, UTATUZI na KIMBILIO.

Msomaji mwenye haraka anaona amani tupu: watu wamepatana, mgogoro umekwisha, mkimbizi amepata pa kujisitiri. Basi ni njiwa! Anatuma jibu, na amekosa.

Jiulize kwanza: kama ni njiwa, "hesabu" imewekwa ya nini? Rudi kwenye majibu, usiyasome maana, yatazame herufi kwa herufi. Kila neno limeficha namba: mapaTANO, uTATUzi, kiMBILIo. Namba hiyo ndiyo inayokuonyesha herufi ya kuchukua. Herufi ya tano ya MAPATANO ni T, ya tatu ya UTATUZI ni A, ya pili ya KIMBILIO ni I. Tai. Kichwa kimepata kazi, maneno yote matatu yamepata kazi, hata mpangilio wake umepata kazi. Meta iliyotungwa vizuri haiachi kitu kikining'inia, ndiyo maana anayelipata jibu hana haja ya kuuliza kama amepata. Ukijikuta unasema "huenda ni hili", endelea kutafuta.

Dhana: ni mchezo wa wasomi.
Kamusi na intaneti vitakusaidia kujaza, lakini baada ya hapo hakuna pa kuchungulia. Kinachotakiwa ni jicho. Soma kichwa tena na tena. Kagua majibu marefu. Ukikuta neno la ajabu mahali ambapo neno la kawaida lingeingia bila shida, shuku: mtunzi amelilazimisha kwa sababu fulani. Tazama pia herufi za mwanzo, za majibu na hata za vidokezo.

Dhana: ukikwama saa nzima, umeshindwa.
Muda ni sehemu ya mchezo. Wall Street Journal hupokea majibu mpaka Jumapili usiku, na Gaffney mpaka Jumanne adhuhuri kwa saa za New York. Mafumbo ya Gaffney huanza mepesi wiki ya kwanza ya mwezi, yakaongezeka ugumu hadi ya mwisho. Mgeni anayeanza na la mwisho wa mwezi anajitesa bure. Aanze na la kwanza. Liache fumbo usiku, ulirudie asubuhi.

Dhana: kuomba msaada ni kuiba.
Hapana, ila omba kwa kiasi. Usimuulize mwenzako jibu. Muulize kama unapotazama ndipo penyewe, kisha uendelee mwenyewe. Na wewe uliyepata, tafadhali usilitangaze kabla muda haujafungwa.