Kukokotoa data bila kuifungua: chipu si kila kitu

Tangu mtaalamu wa usimbaji Craig Gentry aonyeshe mwaka 2009 kwamba kompyuta inaweza kukokotoa data iliyosimbwa (iliyofichwa kwa msimbo) bila kuifungua, watu hudai teknolojia hii ni ya kobe, haitumiki mpaka zije chipu maalumu. Ukobe ulikuwepo kweli: mwaka 2011, kusafisha mara moja kelele, yaani namba nasibu za kuificha data zinazorundikana kadiri inavyokokotolewa, kuliweza kuchukua dakika 30. Mwaka 2016 mbinu ya TFHE ikasafisha, ingawa biti moja tu, chini ya sekunde 0.1 kwenye prosesa ya kawaida. Kilichobadilika ni mbinu za hesabu, si chipu. Chipu zina kazi yake, hasa kuzidisha polinomia, yaani semi ndefu za hesabu ambazo usimbaji huu huzitumia, na DARPA, shirika la utafiti wa kijeshi la Marekani, imezigharamia. Ila tangu 2024, iPhone zenye iOS 18 zinautumia usimbaji huu kutambua namba zinazopiga, bila chipu hizo.