Rejista za kadi ya mtandao: ni nini, na husomwaje

Rejista ni nafasi ndogo ya kuhifadhi biti iliyo ndani ya kadi ya mtandao yenyewe. Draiva, yaani programu inayoiendesha kadi, huandika humo maagizo, na kadi huandika humo hali yake. Faili la usanidi hukuambia ulichotaka kiwe. Rejista hukuambia kilichopo.

Kwenye Linux chombo cha kazi ni ethtool. Ukiandika `ethtool eth0` (weka jina la kadi yako) utaona kasi, dupleksi (kamili: kutuma na kupokea kwa wakati mmoja; nusu: kwa zamu) na kama kuna mawasiliano kwenye kebo. `-i` hutaja draiva, `-S` huleta vihesabio vya makosa, na `-d` humwaga rejista zenyewe, ikiwa draiva inaruhusu na wewe ni root (msimamizi mkuu wa mfumo). Kwenye FreeBSD na OpenBSD anza na `ifconfig`, usome mstari wa media.

Rejista za sehemu ya kadi inayoshughulika na waya zina biti 16 kila moja. Namba 0 ni ya udhibiti: biti ya 12 huwasha majadiliano ya kasi kati ya kadi na swichi (kifaa kinachounganisha kompyuta za mtandao), biti ya 8 huchagua dupleksi. Namba 1 ni ya hali, na biti yake ya 2 huonyesha kama kiungo kipo. Biti hii ina tabia ambayo kila fundi anapaswa kuijua: kiungo kikikatika hata kwa kufumba na kufumbua, hushuka kuwa 0 na kubaki hivyo mpaka isomwe. Kwa hiyo isome mara mbili. Jibu la kwanza huenda ni la tukio lililokwisha pita.

Faida ya haya yote huonekana dupleksi zinapopishana. Tuseme swichi imelazimishwa 100 Mb/s dupleksi kamili, kadi imeachwa ijadiliane. Kadi hutambua kasi, lakini dupleksi haiwezi kuitambua, hivyo huchukua dupleksi nusu. Ping (jaribio fupi la kuona kama kompyuta nyingine inajibu) inajibu vizuri, taa zinawaka, ila faili kubwa linajikokota. Upande wa kadi migongano ya kuchelewa (data kugongana wakati utumaji umeshaendelea) huongezeka. Upande wa swichi, makosa ya CRC (hesabu ya kuhakiki kama data imefika nzima). Watu hubadilisha kebo bure, ilhali neno `Half` limeandikwa wazi kwenye jibu la ethtool.

Dawa ni kuweka pande zote mbili sawa, na mimi huchagua majadiliano kila ninapoweza. Kwa gigabiti juu ya kebo ya shaba, kanuni rasmi za kiufundi zenyewe zinayadai.