Sita au tisa? Tunavyowaelewa vibaya wazee wanapokuja kula

Jumapili moja nilimpeleka baba kula bukari, yaani ugali, mahali fulani Kamalondo, hapa Lubumbashi. Mhudumu, binti mwenye adabu zake, akainama kidogo, akasema, "Jambo, kambo," yaani babu, kisha akanigeukia mimi: "Kambo atakula nini?" Baba ni mstaafu wa Gécamines, kampuni ya madini, alishasimamia watu, na siku hiyo mlipaji alikuwa yeye.

Wengi wetu Lubumbashi tunadhani heshima ndiyo hiyo: kumwita kambo au baba mzee, halafu mengine yamalizwe na aliyemleta. Sivyo. Mteja ndiye huulizwa anachotaka, awe na miaka 20 au 80. Na mzee akichelewa kujibu, mara nyingi bado anachagua tu.

Nilipomwambia amuulize mwenyewe, binti alimsogelea na kupaza sauti mpaka meza ya jirani ikageuka. Hii ndiyo dhana iliyoota mizizi kuliko zote, kwamba mzee hasikii, basi apigiwe kelele. Kwa kawaida masikio ya uzeeni huanza kupoteza sauti nyembamba za juu, na humo ndimo zilimo s, f na t. Irabu bado anazipata. Sasa tazama bei: sita na tisa. Irabu ni zilezile. S na t zimebadilishana nafasi, basi. Anayehesabu kwa Kifaransa, kama tufanyavyo wengi hapa mjini, hana nafuu: six mille, dix mille. Ukipiga kelele, zinazonguruma ni irabu. Afadhali upunguze muziki (spika ilikuwa juu ya kichwa cha baba), usimame mbele yake aone midomo, useme taratibu kwa sauti yako ya kila siku. Baba alisikia tisa, akahesabu faranga 9,000 kwa sahani ya 6,000. Binti alirudisha 3,000 huku akicheka. Si kila mahali zingerudi.

Sahani yenyewe ilikuja na bukari, sombe (majani ya muhogo) tele, na kipande cha mkia wa samaki tomson. "Wazee hawali sana," binti alieleza. Hamu ya kula inaweza kupungua kweli, na hata kiu, kwa hiyo maji yawekwe mezani kabla hayajaombwa. Lakini protini ni habari nyingine. Mtu mzima huambiwa gramu 0.8 kwa siku kwa kila kilo ya uzito wake. Kwa mzee mwenye afya, wataalamu wa lishe hupendekeza gramu 1 hadi 1.2, kwa sababu misuli hupungua na umri. Mwenye ugonjwa wa figo afuate daktari wake. Kwa wengine, kama lazima upunguze kitu, punguza bukari, samaki mwachie.

Mwanga hafifu nao unasifiwa eti unatuliza. Jicho la miaka 60 hupitisha karibu theluthi moja tu ya nuru inayoingia kwenye jicho la miaka 20. Orodha ya vyakula iliyoandikwa kwa herufi ndogo kama sisimizi, gizani, ni karatasi tu.

Wenye kafe hunung'unika kwamba wazee hukalia kikombe kimoja asubuhi nzima. Saa nne asubuhi, nani mwingine anaitaka meza hiyo?

Wengine husema kumjali mzee ni hisani tu. Katiba yetu ya Kongo ya 2006, ibara ya 49, inawapa wazee haki ya hatua maalumu za ulinzi kulingana na mahitaji yao. Haitaji mikahawa, najua, lakini neno lililotumika ni haki.

Kuna pia kochi. Mzee akiingia anaongozwa kwenye kochi laini, la chini, lenye kumeza mtu, eti ndipo pa heshima. Kuinuka pale kunataka mapaja yenye nguvu, na nguvu hizo ndizo zinazopungua. Baba alilitazama, akalipita, akavuta kiti cha plastiki chenye mikono.

"Hapa," akasema, "nitaondoka bila kushikwa."