LC3 imepanda? Bado hujapima otofajia

Karibu kila mwezi mwanafunzi hukaa nami mbele ya mashine ya flo, inayopima mng'ao wa seli moja moja, ananionyesha kwenye grafu mlima wa LC3 (protini inayotumika kama alama ya otofajia, yaani seli kumeng'enya sehemu zake yenyewe) uliosogea kulia baada ya seli kuwekewa dawa yake, na kauli huwa ile ile: "Dawa imeongeza otofajia." Hapana! Mlima huo haujathibitisha hivyo.

LC3-II, umbo la LC3 linaloshika utando, hung'ang'ania utando wa otofagosomu (kifuko kinachobeba mzigo wa kumeng'enywa), na ile iliyo upande wa ndani humeng'enywa pamoja na mzigo lisosomu (kifuko chenye asidi kinachomeng'enya) ikishaungana nayo. Mng'ao unaousoma ni wa kilichobaki, si wa kilichopita. Pipa la mtaa likifurika, pengine watu wanatupa taka zaidi, pengine gari la taka halijapita siku nne. Klorokwini, ile dawa chungu ya malaria ya zamani, hupandisha LC3 vizuri kabisa, na inachofanya ni kulizuia gari.

Kwa hiyo gawa kila sampuli mara mbili. Nusu moja itie bafilomaisini A1 saa chache za mwisho, kwa dozi inayoziba lisosomu kabisa, nyingine iache. Tofauti ya nusu hizo ndiyo mtiririko, yaani kiasi kinachopita hadi kumeng'enywa. Kama dawa yako imepandisha LC3 na bafilomaisini haiongezi kitu juu yake, shuku kwamba dawa imeziba njia. Ukiwa na seli zenye dawa na zisizo nayo, hiyo ni mirija minne kwa uchache. Anayelalamika kuwa kingamwili inayoshika LC3 na kuipa mng'ao ni ghali namwambia apunguze idadi ya dozi anazojaribu, asiguse mirija hiyo.

Wengine husema kingamwili itajichagulia LC3-II yenyewe. Haichagui, nyingi hushika zote mbili, LC3-II na LC3-I isiyoshika utando, na mashine hujumlisha mng'ao wa seli nzima. Toboa seli kwa saponini na uzioshe kabla ya kuzikaza kwa fomaldehaidi, ili LC3-I inayoelea itoke.

Rangi ya MDC, ambayo wengine huitumia kupima otofajia, nayo si kipimo cha otofagosomu. Hukusanyika penye asidi, lisosomu zikiwemo.

Na seli zilizokufa usiziache kwenye hesabu, maana hunasa kingamwili ovyo. Tumia rangi ya kutenga wafu inayostahimili ukazaji, na itangulie saponini: seli ikishatobolewa, hata iliyokuwa hai itasomeka maiti.