Kanisa kulifikia jiji si kuongeza spika

Tukisikia kanisa la mjini "linalifikia jiji", wengi tunawaza mkutano wa injili uwanjani na mhubiri ndani ya matatu. Hiyo ni sehemu ndogo tu, na kwangu si ile nzito zaidi.

Chukua Nairobi. Machi 1992, akina mama waliogoma kula Uhuru Park, wakidai wana wao waliofungwa kwa sababu za kisiasa waachiliwe, walipigwa na polisi na kurushiwa gesi ya kutoa machozi. Wakapata hifadhi All Saints' Cathedral, kanisa la Kianglikana lililo karibu na bustani hiyo. Walikaa humo, katika vyumba vya chini, karibu mwaka mzima, huku wana wakiachiliwa mmoja baada ya mwingine. Sijui mahubiri ya barabarani yaliyoliambia jiji lile neno zito kuliko mlango huo uliobaki wazi.

Hata kabla ya hapo, mwaka 1973, padri Mkatoliki Arnold Grol alianzisha Undugu Society kwa ajili ya watoto wa mitaani, wale waliojipatia riziki kwa kuelekeza magari maegeshoni. Aliwafuata barabarani walikokuwa. Kwanza urafiki na malazi. Shule na ufundi vikafuata.