Wakili wa kampuni husahihishwa na nani?

Wakili mwenye ofisi yake hufunzwa na kazi yenyewe. Akikosea hoja, wakili wa upande wa pili atamwambia kwa maandishi kabla wiki haijaisha. Akikosea zaidi, jaji atamwambia mbele ya watu. Wakili aliyeajiriwa na kampuni hana bahati hiyo. Maoni yake husomwa na mkurugenzi wa fedha, meneja wa ghala na afisa wa wafanyakazi. Ni watu werevu wanaoijua kazi yao, lakini hakuna hata mmoja wao atakayetambua kwamba aya ya tatu imeegemea kifungu kilichofutwa mwaka juzi. Watashukuru na kutekeleza, na kosa litalala ndani ya faili mpaka siku kampuni itakaposhtakiwa.

Sehemu kubwa ya maisha yangu ya uwakili nimeifanyia upande huu, katika makampuni ya mizigo na maghala kuanzia Shimanzi hadi Changamwe hapa Mombasa, na siku hizi nawasaidia mawakili wachanga wanaoingia idara za sheria kupanga masomo yao ya mwaka. Swali ninaloulizwa zaidi ni semina gani ina pointi za mafunzo ya lazima ya mwaka. Nami huuliza: mwezi uliopita, nani aliisoma kazi yako akaikosoa? Wengi hunyamaza. Kwangu mimi, hilo ndilo pengo ambalo mafunzo ya wakili wa kampuni yanapaswa kuliziba.

Kuhusu kanuni zenyewe sitasema mengi. Sheria ya Mawakili, Sura ya 16, inamtaka anayefanya kazi ya uwakili awe na cheti cha mwaka, na cheti hicho hufika mwisho Desemba 31. Kanuni za mafunzo ya kitaaluma za mwaka 2014 zinadai pointi 5 kila mwaka, nayo LSK, yaani Chama cha Mawakili cha Kenya, huziangalia unapoomba cheti kipya. Wapo wenzetu wanaodhani mambo haya ni ya wale wanaovaa joho kwenda mahakamani. La hasha. Ukiandaa hati ya kuhamisha ardhi ya kampuni au ya kuiweka rehani, kifungu cha 34 cha Sheria ya Mawakili, kinachomkataza asiye na cheti kuandaa hati kama hizo, kinakuhusu hata kama hujakanyaga mahakama miaka yote. Mwaka 2015, katika kesi ya National Bank of Kenya dhidi ya Anaj Warehousing, Mahakama ya Juu iliamua kwamba hati haibatiliki kwa sababu tu wakili aliyeiandaa hakuwa na cheti hai. Uamuzi huo ulimlinda mteja na hati yake. Wakili mwenyewe bado anabaki na hesabu yake ya kutoa.

Basi pointi tano ni lazima. Lakini mtu anaweza kuzipata zote kwa kukaa nyuma ya ukumbi wa hoteli, au kwa kuacha semina ya mtandaoni ikizungumza peke yake huku akijibu barua pepe, na Januari akawa anajua kile kile alichokijua Januari iliyopita. Ndiyo maana nashauri uchague mafunzo kwa kutazama maamuzi ambayo kampuni yako itayafanya mwaka huu, kisha utafute mtu atakayekuambia umekosea wapi.

Chukua jambo linaloiumiza Mombasa kuliko miji mingine ya Kenya: muda wa kufungua kesi. Chuoni tulifundishwa kwamba madai ya mkataba yana miaka 6. Ni kweli kwa mikataba ya kawaida, na wakili aliyetoka kwenye kazi ya mabenki au nyumba hubeba namba hiyo kichwani. Kisha anaajiriwa na kampuni inayoagiza mchele, na siku moja mzigo unafunguliwa ghalani ukiwa umelowa. Hati nyingi za shehena hufuata Kanuni za Hague, ambazo ni kanuni za kimataifa za usafirishaji wa mizigo baharini, au marekebisho yake ya Visby, na humo madai dhidi ya mwenye meli yana mwaka 1 tangu mzigo ulipokabidhiwa. Ikiwa uharibifu hauonekani kwa nje, notisi ya maandishi inatakiwa ndani ya siku 3. Usipoitoa huzuiwi kudai, ila mzigo utachukuliwa kuwa ulipokelewa ukiwa mzima mpaka wewe uthibitishe vinginevyo. Na kama mzigo uliharibikia mikononi mwa Halmashauri ya Bandari, kifungu cha 66 cha sheria ya halmashauri hiyo kinataka kwanza notisi ya mwezi 1, na kesi iwe imefunguliwa ndani ya miezi 12. Bima nayo ina masharti yake ya kutoa taarifa. Gunia ni lile lile, lakini kuna saa kadhaa zinazokimbia, tena kila moja kwa mwendo wake.

Tazama sasa faili hiyo inavyosafiri ndani ya kampuni. Meneja wa ghala anamwandikia wakala wa meli. Wakala anajibu kwa upole kwamba jambo linachunguzwa. Anaandika tena, anajibiwa tena, huku bima wakiomba picha zaidi. Barua zote ni za heshima na hakuna aliyekataa kulipa, hivyo hakuna anayeona sababu ya kumsumbua wakili. Faili inapomfikia wakili mezani, muda wa kufungua kesi umebaki miezi miwili, au umekwisha pita.

Semina ya pointi mbili kuhusu sheria za usafiri wa baharini ingemfundisha wakili huyo kanuni, na ni vizuri aende. Ila isingemrudishia mzigo wake, kwa sababu aliyehitaji kujua ni meneja. Kwa hiyo nahesabu kuwafundisha wafanyakazi kuwa sehemu ya mafunzo ya wakili mwenyewe, hata kama hayampi pointi. Ukisimama mbele ya watu wa ghala kuwaeleza siku zile 3, hazipiti dakika kumi kabla mzee mmoja mwenye miaka mingi bandarini hajainua mkono akuulize: wakili, mzigo unakabidhiwa lini hasa? Ukitoka melini, ukitoka getini, au tukikata lakiri hapa kwetu? Utajibu kwa uangalifu, maana amegusa mahali ambapo kesi nyingi hushinda au kushindwa. Huyo mzee ndiye msahihishaji uliyekuwa ukimtafuta.

Kwa sababu hiyo hiyo huwatuma wachanga washinde siku nzima na wakala wa forodha, na siku nyingine na karani anayehesabu mizigo inaposhushwa, waone ni nani hasa anatia sahihi, kwenye karatasi gani, na kama aliisoma. Kuna vifungu vya mkataba ambavyo nimewahi kuvisifu ofisini, nikaja kugundua kwamba hakuna mtu yeyote uwanjani ambaye angeweza kuvitekeleza.

Jambo la pili ni mishahara, na hapa miaka ya karibuni imetufunza kwa ukali. Makato ya nyumba ya asilimia 1.5 yaliingia kwa Sheria ya Fedha ya 2023. Novemba 2023 Mahakama Kuu ikasema yanakiuka Katiba, Januari 2024 Mahakama ya Rufaa ikakataa kusimamisha hukumu hiyo, na Machi 2024 ikaja sheria mpya ya nyumba za gharama nafuu iliyoyarudisha. Julai 2024 Mahakama ya Rufaa ikaifuta Sheria yote ya Fedha ya 2023; Oktoba mwaka huo Mahakama ya Juu ikaufuta uamuzi huo. Mwezi huo huo wa Oktoba makato ya bima ya afya yakageuka kuwa asilimia 2.75 ya mshahara. Katika kila kituo hapo, afisa wa wafanyakazi alipiga simu idara ya sheria akitaka jibu la neno moja: tukate au tusikate? Hakuna semina ya robo mwaka inayoweza kuendana na mwendo huo. Kinachofaa ni mazoea: kupitia Gazeti Rasmi la Serikali linapotoka Ijumaa, kufungua hukumu yenyewe kwenye tovuti ya Kenya Law badala ya kutegemea kichwa cha habari, na kusoma amri za mwisho kabla ya hoja. Wakati mwingine hukumu husema sheria ni batili ukurasa wa tisini na kusitisha utekelezaji wake ukurasa wa tisini na tano. Aliyeishia njiani huishauri kampuni vibaya.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 nitaitaja kwa ufupi, kwa kuwa semina zake zimejaa na nyingi ni nzuri. Inadai Kamishna wa Data ajulishwe ndani ya saa 72 tangu ugundue kwamba taarifa za watu zimevuja na kuna hatari ya kweli ya madhara. Usikariri tu namba hiyo. Fanyeni zoezi: Ijumaa jioni, tangaza kwamba kompyuta ya mapokezi ya hoteli imeibwa na majina ya wageni yote yamo. Kisha utazame nani anampigia nani, na kama kuna mtu anayejua namba yako ya nyumbani.

Nikirudi kwenye kusahihishwa, njia iliyonifaa kuliko zote ni duara dogo la mawakili watano au sita wa makampuni yasiyoshindana: mmoja wa hoteli, mmoja wa bima, mmoja wa kiwanda, mmoja wa maghala, mmoja wa benki. Mnakutana mara moja kwa mwezi kwenye chumba cha mikutano cha yeyote aliye na nafasi. Kila mara mmoja wenu analeta maoni aliyoyaandika kweli kazini, majina na namba zote zikiwa zimeondolewa, ameyatuma siku kadhaa kabla, na wengine wanakuja na kazi moja tu, kutafuta tundu. Mwanzoni inauma. Mtu amezoea kuambiwa asante wakili, leo anaulizwa kwa nini hakutaja kesi ambayo kila mtu mezani anaijua.

Duara hilo lina mipaka ambayo sikubali ilegezwe. Siri ya mwajiri ni siri, na kufuta jina la mteja hakutoshi ikiwa mji mzima unajua ni meli gani iliyokwama wiki ile. Bei, zabuni, mipango ya biashara na masharti mnayowapa wateja havizungumzwi kabisa, hata kwa utani wakati wa chai. Sheria ya Ushindani ya 2010 inakataza makubaliano ya kuzuia ushindani, na mkutano wa mawakili hausamehewi na sheria hiyo kwa sababu tu ni wa masomo. Na mkiwa na kampuni mama Ulaya, kumbukeni pia uamuzi wa mwaka 2010 katika kesi ya Akzo Nobel: katika uchunguzi wa ushindani unaofanywa na Tume ya Ulaya, mawasiliano na wakili aliyeajiriwa na kampuni hayapati kinga ya usiri inayopewa mawakili wa nje. Wengi wetu huandika barua pepe kana kwamba kinga hiyo inatufuata popote.

Halafu nenda mahakamani hata kama kesi ameishika wakili wa nje. Keti nyuma siku afisa wako wa wafanyakazi anapohojiwa katika Mahakama ya Ajira, umsikie akisomewa ile barua uliyoiandaa wewe. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinataka mfanyakazi aelezwe sababu ya kufikiria kumwachisha kazi kwa lugha anayoielewa, akiwa na mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama aliyemchagua mwenyewe. Barua yako ilikuwa ya Kiingereza safi, na aliyeandikiwa ni mpakiaji mizigo kutoka Likoni ambaye hakuwahi kuandikiwa Kiingereza na kampuni mpaka siku ile. Fidia inaweza kufika mshahara wa miezi 12. Dakika ishirini za kusikiliza maswali hayo zitabadilisha barua zako zote.

La mwisho ni pesa. Makampuni mengi hapa hulipia ada ya cheti na semina moja, basi. Ukienda kuomba zaidi, usiombe safari. Omba kwamba mkataba na mawakili wa nje uwe na saa chache, mara mbili kwa mwaka, za kupitia sampuli ya mikataba na maoni yako na kuandika wangebadilisha nini, na nakala ya maandishi hayo imfikie mkurugenzi mkuu. Wenzangu wengi huogopa sehemu hiyo ya mwisho. Lakini mkurugenzi wa fedha, ambaye ndiye atakayeidhinisha, hesabu zake hukaguliwa na watu wa nje kila mwaka na ripoti husomwa na bodi nzima. Mwambie unaomba kitu hicho hicho kwa idara yako, na umpelekee ombi kabla bajeti haijafungwa.